Mgomo wa Saa 48

Kenya tunajua mgomo. Madaktari wetu walipoacha kazi Desemba 2016, walikaa nje siku 100, na hakuna aliyewaambia wagonjwa mapema kwamba Jumatano tutarudi wodini. Ndiyo maana kila nikikumbuka mgomo wa Reddit wa Juni 2023, swali la kwanza linalonijia ni hili: kwani nani aliwashauri hao wasee watangaze siku ya kurudi?

Kwa ambaye hakufuatilia, stori ni hii. Reddit ni mtandao wa mabaraza. Kuna baraza la wapishi, la mafundi wa magari, la wagonjwa wa kisukari, la watu wanaopenda tu picha za paka. Kila baraza lina wasimamizi wake, ambao hufuta matusi, hufukuza matapeli na kutunga kanuni. Kampuni haiwalipi hata ndururu. Kwa miaka mingi pia, kampuni iliwaacha watu wa nje waunde programu zao za kusomea Reddit kupitia API, yaani njia ambayo programu moja hutumia kuchota data kutoka kwa nyingine. Moja ya programu hizo iliitwa Apollo, kazi ya Mkanada Christian Selig, na wengi wenye iPhone waliipenda kuliko ile rasmi.

Aprili 2023 Reddit ikatangaza kwamba njia hiyo italipiwa. Bei ilipotajwa, Selig akapiga hesabu na kukuta angedaiwa kama dola milioni 20 kwa mwaka. Steve Huffman, mkurugenzi mkuu na mmoja wa walioanzisha Reddit mwaka 2005, alitoa sababu: kampuni za akili unde zilikuwa zinachota mazungumzo ya Reddit bure ili kufundishia mashine zao. Sababu hiyo ina mantiki, sitabisha. Lakini walioumia kwanza hawakuwa hao matajiri. Walikuwa kina Selig, na watu wasioona, ambao walitegemea programu za nje kwa sababu ile rasmi iliwapa shida. Ni baada ya kelele ndipo kampuni ikakubali programu chache za kuwasaidia walemavu, zisizo za biashara, ziendelee bure.

Tarehe 12 Juni, zaidi ya mabaraza 8,000 yalifunga milango. Kwa muda huo ikaonekana wazi nani hubeba huo mtandao. Watu waliozoea kutafuta kitu Google na kuongeza neno Reddit mwishoni, ndio wapate jibu la binadamu badala ya tangazo, walifika wakakuta kufuli. Ulikuwa mgomo wa watu wasio na mshahara, na sijui tuna neno gani la kitu kama hicho. Mfanyakazi akigoma, mwajiri anajua anachomdai. Hawa walikuwa wanadai nini hasa, na kwa mkataba gani?

Sasa tusome maandishi ya upande wa pili, maana hapo ndipo utamu ulipo. Huffman aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba kelele hizi, kama zile za zamani, zitapita. Wengi walikasirishwa na barua hiyo, wakaiita ya dharau. Mimi nikiisoma naona imeandikwa na mtu anayejua kusoma kalenda tu. Mabaraza mengi yalikuwa yametangaza saa 48. Ukimwambia mwenye nyumba kwamba utagoma kulipa kodi Jumatatu na Jumanne, atakungoja Jumatano akiwa ameketi.

Tena jamaa alijua migomo kwa ndani. Julai 2015, Reddit ilipomfuta kazi Victoria Taylor, mfanyakazi aliyependwa sana na wasimamizi, mabaraza makubwa yalifungwa kwa hasira. Siku chache baadaye mkurugenzi Ellen Pao akajiuzulu. Aliyeletwa kukalia kiti ni huyo huyo Huffman. Mtu aliyeingia ofisini kupitia mlango uliofunguliwa na mgomo hawezi kukosa kujua mgomo unafanya kazi vipi, na unashindwa wapi.

Kauli yake ninayoona nzito zaidi aliitoa akihojiwa na NBC wiki hiyo hiyo. Aliwafananisha wasimamizi na makabaila: waliofika kwanza ndio hushika ardhi, kisha huirithisha. Nikubali kwamba kuna ukweli kidogo hapo. Wasimamizi hawachaguliwi, wengine ni miungu-watu, na kuna mabaraza yaliyofungwa bila wanachama wa kawaida kuulizwa lolote. Lakini msomaji wa Kenya hawezi kuipita sitiari ya ardhi kirahisi hivyo. Tunazijua habari za maskwota wa Pwani: mtu analima shamba alilozaliwa, alipozikwa babu yake, halafu anatokea mwingine mwenye hati ambaye hajawahi kushika jembe pale. Katika sitiari ya Huffman, mwenye jembe ndiye kabaila, na mwenye hati hatajwi popote. Ukiuliza hati iko wapi, iko kwenye masharti ya matumizi, pale chini tunapobonyeza "nakubali" bila kusoma.

Kazi bora ya sanaa iliyotokana na vurugu hizo, kwangu, ilitoka kwenye baraza la picha. Kampuni ilipoanza kutishia kwamba wasimamizi wasiofungua watabadilishwa, wanachama wa baraza hilo walipiga kura kwamba picha zitakazoruhusiwa ni za mchekeshaji John Oliver tu, akipendeza. Mwenyewe akawatumia za ziada. Baraza likawa wazi kama lilivyoamriwa, na likawa halina maana. Sisi tunauita mgomo baridi: unaingia kazini, unakaa kwenye meza yako, na hakuna kinachotoka. Ulichekesha, na haukuwa na tarehe ya mwisho.

Hata hivyo ulikwisha. Tarehe 30 Juni Apollo ilizimwa. Mabaraza mengi yakafunguka. Wengine walihamia Lemmy, mtandao usio na mmiliki mmoja, lakini umati haukufuata. Na wengine walifanya jambo ambalo bado linanisumbua: walirudi nyuma wakafuta kila walichowahi kuandika, miaka na miaka ya majibu. Naelewa hasira hiyo. Ila anayeumia ni nani? Ni yule mgonjwa wa kisukari anayetafuta saa nane usiku, akakuta swali lake liliulizwa zamani na jibu limefutwa. Mwenye hati haumii hivyo.

Mwaka 2010 mambo yalikuwa tofauti. Digg, uliokuwa mtandao mkubwa wa aina hii, ulibadilisha sura yake kwa namna iliyowaudhi watumiaji, nao wakahama kwa makundi. Walihamia wapi? Reddit. Yaani nyumba hii yenyewe ilijaa kwa sababu ya watu waliotoroka nyingine. Lakini wale wa 2010 hawakuacha nyuma kitu kizito kama hiki, na nyumba ya pili ilikuwa tayari ina moto jikoni. Wa 2023 walikuwa wanaombwa waache karibu miaka 18 ya maneno yao wenyewe. Hicho ndicho kilichowarudisha, kuliko vitisho.

Na thamani ya maneno hayo ilijulikana punde. Februari 2024 iliripotiwa kwamba Google ingelipa Reddit takriban dola milioni 60 kwa mwaka ili kuyatumia kufundishia akili unde. Machi, kampuni ikauza hisa New York kwa dola 34 kila moja, na baadhi ya watumiaji na wasimamizi wakaalikwa kununua kwa bei hiyo. Ulichojenga bure, karibu ununue kipande. Kisha Septemba 2024 ikaja kanuni ndogo isiyopigiwa kelele nyingi: msimamizi akitaka kufunga baraza lake, lazima kwanza aombe ruhusa ya kampuni.

Kwa hivyo neno "jamii", ambalo kampuni hizi hulipenda sana, nalisoma hivi siku hizi. Inapotakiwa kazi, sisi ni jamii. Inapotajwa bei, sisi ni mali. Tatizo la wagomaji wa Reddit ni kwamba waligoma kama jamii dhidi ya mtu aliyekuwa anapiga hesabu ya mali.

Mimi sikuhama, na sitajifanya nilihama. Bado natafuta majibu pale, na bado nayapata. Nilichobadilisha ni kidogo: kila jibu refu ninaloandika mahali pa watu, naliandika kwanza kwenye faili langu, na nakala inabaki kwangu. Siku ya kugoma ikifika, nataka niweze kuondoka na jembe langu, bila kulazimika kuchoma shamba.