Hiari katika Misimbo ya Lugha: Mfano wa Kidawida

Kigezo cha kimataifa cha ISO 639-3 kimezitenga barabara lugha za Taita Taveta: Kidawida kimepewa msimbo dav, Kisaghala tga, na Kitaveta tvs. Utata huanzia katika kanuni ya BCP 47, ambayo yaruhusu alama ya nchi iongezwe kwa hiari. Hadithi ya Kidawida iliyokusanywa Voi yaweza basi kuorodheshwa katika kompyuta kwa dav au kwa dav-KE, na kote isihesabiwe kosa. Sehemu ya kanuni hiyo iliyotolewa 2009, RFC 5646, yashauri nchi isitajwe pasipo haja. Lakini ushauri si amri. Dosari iliyo kubwa zaidi imo katika RFC 4647 ya 2006, inayokubali njia mbalimbali za kutafuta. Hadithi ikiwa imeandikiwa dav tu, na msomaji akaomba dav-KE, njia ya kuchuja haitamletea kitu. Njia ya kupunguza msimbo kutoka mwisho itamletea. Zote mbili ni halali! Kwa Kiingereza alama ya nchi ina kazi, maana tahajia ya Uingereza si ya Marekani. Katika hadithi hii ya Voi haitenganishi chochote, ila msomaji na maandishi ya lugha yake.