Mkono wa Katibu

Taa ya mulika mwizi ya koti letu la nyumba pale Umoja, Nairobi, ilikuwa imezimika wiki ya tatu, kwa hivyo mkutano wa Nyumba Kumi, kundi letu la usalama wa majirani, ulifanyika kwa mwanga wa duka la jirani. Viti vya plastiki viliazimwa kanisani. Mzee mwenyekiti alifungua kwa sala, kisha akamgeukia katibu, mama mshonaji nguo ambaye cherehani yake iko chini ya ngazi za ploti. Nimemtazama mama huyu akiandika kumbukumbu za mikutano kwa miaka kadhaa, na kila mara naondoka na heshima zaidi.

Jioni ile kijana wa bodaboda alisimama kwa hasira. "Mathe, kuna majamaa wanauza bangi nyuma ya ukuta. Andika."

"Umewaona, mwanangu, ama umeambiwa?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu hayuko hapa. Wewe uko. Nikuandike umeona ama umesikia?"

Kijana alikuna kichwa. "Nimesikia."

Katibu akaandika: amesikia. Daftari lake ni la kurasa mia mbili, lile la shule, na amelichora mistari kwa rula. Safu moja ni ya walioona, nyingine ya waliosikia. Safu ya tatu ni ya anayepaswa kupelekewa jambo: chifu, polisi, kaunti, au sisi wenyewe tulioketi pale. Taa iliyokufa ikaingia safu ya kaunti. Mtoto aliyegongwa na pikipiki akaingia ya polisi, pamoja na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kwa kuwa mamake alikuwa ameshaenda kituoni. Chini ya kila jambo katibu huacha mistari miwili mitupu.

Daftari hilo lina safari ndefu kuliko wanavyodhani wengi wetu. Wazo lenyewe la Nyumba Kumi lilitoka Tanzania, kwa mabalozi wa nyumba kumi, na Kenya ikalishika kwa nguvu mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate. Linalotajwa kwenye koti hufika kwa chifu. Chifu naye ana wakubwa wake, hadi naibu kamishna wa kaunti, anayeongoza kamati ya usalama ya eneo lake. Juu yake kuna kamati ya usalama ya kaunti, kisha ya mkoa, kisha wizara. Huko juu kabisa kuna kamati ya ushauri wa usalama wa taifa inayoongozwa na Mkuu wa Utumishi wa Umma. Kamati hiyo huchambua mambo kabla hayajafika mezani kwa Rais.

Kila ngazi hupunguza. Kurasa sita zinakuwa aya, aya inakuwa sentensi. Lazima iwe hivyo, maana hakuna Rais awezaye kusoma madaftari ya Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi. Ufundi uko katika kupunguza bila kuharibu, na neno linaloharibika upesi kuliko yote ni lile dogo la mama mshonaji: amesikia. Karani mmoja akiliacha nje ili sentensi yake ipendeze, uvumi wa nyuma ya ukuta unafika juu ukiwa taarifa, na taarifa huamsha magari ya polisi alfajiri.

Meza hiyo ya Rais ni Baraza la Usalama wa Taifa, lililowekwa na kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010. Wajumbe wake ni tisa: Rais, Naibu wa Rais, mawaziri watatu wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, mkuu wa ujasusi, na Inspekta Jenerali wa Polisi. Rais ndiye mwenyekiti. Asipokuwepo, Naibu wake huongoza. Kazi ya Baraza ni kuunganisha sera za ndani, za nje na za kijeshi zinazogusa usalama, na kupima hatari zinazoikabili nchi. Kila mwaka sharti lipeleke ripoti Bungeni.

Ukiitazama orodha hiyo kama fundi anavyotazama kiti cha mwenzake, utaona viungo. Jeshi, polisi na ujasusi huleta habari zilizopanda kwa njia tatu tofauti, na mezani zinaweza kulinganishwa: huyu ameona, huyu amesikia. Waziri wa mambo ya nje anakumbusha majirani watasema nini. Kiungo ninachokipenda zaidi ni Mwanasheria Mkuu. Hana askari hata mmoja, wala gari la deraya. Amewekwa pale ili mtu aulize kama jambo linaruhusiwa, kabla halijafanywa. Katibu wa meza hiyo naye huteuliwa na Baraza lenyewe, na kwangu hilo si jambo dogo, kwa sababu mwandishi wa maamuzi ndiye anayeyapa umbo.

Kiungo cha sheria kilijaribiwa hadharani serikali ilipotaka kutuma polisi Haiti. Mnamo 26 Januari 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Baraza halina mamlaka ya kutuma polisi nje ya nchi, kwani Katiba inapozungumzia majeshi yanayoweza kutumwa na Baraza kwa idhini ya Bunge, inamaanisha jeshi la ulinzi. Kwa polisi ilihitajika njia nyingine ya kisheria, yenye makubaliano na nchi inayowapokea. Serikali ikatia saini makubaliano na Haiti mwezi Machi, na kikosi cha kwanza kikafika Port-au-Prince mwezi Juni. Unaweza kuunga mkono safari ile au kuipinga, lakini neno moja la kifungu kimoja liliisimamisha serikali nzima na kuilazimisha itafute mlango uliofaa.

Eastlands, upande wetu huu wa Nairobi, inajua meza isiyo na viungo hivyo ilikuwaje. Machi 1954 serikali ya kikoloni iliunda Baraza la Vita kupambana na Mau Mau. Walioketi walikuwa wachache: Gavana Evelyn Baring, naibu wake, Jenerali George Erskine, na Michael Blundell kwa niaba ya walowezi. Nao walikuwa na katibu hodari, George Mallaby, aliyeletwa kutoka London, kwa hiyo karatasi hazikukosa mpangilio. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo ilianza Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ikazingirwa kabla ya mapambazuko, wanaume kwa maelfu wakapitishwa mbele ya gakunia, watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu alipelekwa kizuizini. Hakuna aliyeliuliza gunia: umeona ama umesikia? Wazee wa Bahati na Shauri Moyo walizeeka na swali hilo kifuani.

Ndiyo maana mama mshonaji ananigusa. Hajasoma kifungu cha 240, na ripoti za kila mwaka za Baraza hazimfikii. Lakini swali analomuuliza kijana wa bodaboda ndilo lile linalopaswa kuulizwa mezani kwa watu tisa, na analiuliza bila kumvunjia kijana heshima, huku kalamu imetulia hewani mpaka jibu lije.

Mkutano uliofuata alianza kwa kusoma kumbukumbu zilizopita, pole pole, jambo moja baada ya jingine. "Bangi nyuma ya ukuta. Amesikia. Nani alienda kuangalia?"

Mzee mmoja akainua mkono. Alikuwa amepita pale mchana mara tatu na jioni moja. Alikuta vijana wanaosha pikipiki.

"Umewaona mwenyewe, baba?"

"Nimewaona mwenyewe."

Katibu akaijaza ile mistari miwili. Kisha akashuka kwenye jambo la taa, na mistari yake bado ilikuwa mitupu.