Pijo 404 na Pijo 504: Lala Chini Kwanza

Anayetaka kujua ubora wa Pijo ya zamani asianze na rangi. Aanze na mkeka: autandike chini ya gari, alale chali, atazame. Huku Nyakakika tope jekundu la masika hujibana nyuma ya matairi, likakaa na unyevu wake, likala bati kimya kimya. Gonga sakafu kwa kifundo cha kidole. Bati zima hulia. Penye puti sauti hufa.

404 ilitoka 1960, 504 ikaja 1968, zote mchoro wa Pininfarina wa Italia. 404, yenye mapezi nyuma na gia ya kwenye usukani, ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam.

Uhai wa 404 upo kwenye difu. Ndani yake skrubu nene ya chuma huzungusha gurudumu la meno la shaba. Mwambie fundi alegeze nati ya chini, adondoshe oili kwenye kitambaa cheupe, mkitazame juani. Mkiona chembe zinazometa kama dhahabu, shaba inalika, na kulipata gurudumu jingine leo ni safari ndefu. Usibembelezwe na bei.

504, iliyoshinda Safari mwaka 1975, ina kipimo kingine. Angalia nyuma, chini. Kwa gari la saluni, ukikuta bomba moja nene kutoka tairi hadi tairi, hiyo ni ile ya bei nafuu. Ukikuta difu imeshikwa katikati, na shafti mbili zenye maungio zikienda kila moja kwenye tairi lake, umepata yenyewe: tairi moja likiingia shimoni, jenzake halisumbuki. Kisha fungua boneti, ukague pale springi za mbele zinaposhika bodi. Ufa hapo, au welding ya haraka haraka, achana nayo.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, mwombe azime, urudi kesho alfajiri.

Kwa sura naipenda 404, na sijaona saluni iliyoipita. Lakini kwa moramu yetu yenye mikunjo, mama akiwa kiti cha nyuma na kapu la mayai mapajani, 504 yenye shafti mbili ndiyo gari bora.