Sheria za Amri na Watu wa Bara

Wanasiasa wetu hupenda kuusifu urithi wa taifa wanaposimama jukwaani, lakini ni nadra kuulizwa wao wenyewe wamerithi nini na wamemrithisha nani. Sheikh Kaluta Amri Abedi ni mmoja wa wachache ambao twaweza kuwauliza swali hilo tukapata jibu, kwa sababu aliliandika jibu lake kabla hajashika uongozi wa siasa. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 6 baadaye, yaani mwaka 1960, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Na mwaka 1964, mwaka wa kufa kwake, alikuwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa.

Kitabu hicho kina sifa mbaya miongoni mwa wasomi. Tangu miaka ya 1970, mabishano ya ushairi wa kimapokeo na ushairi wa kisasa yalipopamba moto, jina la Amri limekuwa likitajwa kama jina la bawabu: mtu aliyesimama mlangoni na fimbo ya vina na mizani, akiwafukuza wasiohesabu vizuri. Walimu wengi huwafundisha wanafunzi wao hivyo hivyo, na wanafunzi huandika hivyo hivyo katika mitihani. Sisi twaona kwamba shutuma hiyo ina nusu ya kweli, na nusu iliyosahauliwa ndiyo yenye faida zaidi kwetu.

Tuanze na mahali alipotoka. Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pale ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Kiswahili kilifika Ujiji kwa miguu, kikiwa kimebebwa na wapagazi na wafanyabiashara, kikapata watoto huko. Hata hivyo mtu wa Ujiji, hata akikinyonya Kiswahili kwa mamaye, alihesabiwa kuwa mtu wa bara. Ushairi ulikuwa na makao yake: Lamu, Mvita, Pemba, Unguja, Tanga. Sheria zake zilikaa vinywani mwa malenga wa huko, nao walizifundisha kwa kusikilizisha na kusahihisha, kijana akikaa karibu na mkubwa wake miaka kadhaa. Utaratibu huo ni mzuri kwa yule aliyezaliwa mtaa mmoja na malenga. Kwa kijana wa Ujiji, au wa Dodoma, au wa Ukerewe, ulikuwa ni ukuta.

Kweli, ukuta huo ulikuwa umekwisha kupata ufa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya watu wa kila upande wa Tanganyika, na wengi waliojifunza kutunga walijifunza kwa kuyasoma yaliyochapwa na kuyaiga. Lakini kuiga si kujua sababu. Anayeiga huona kwamba mstari fulani umepita na mwingine umeteguka, asijue umeteguka wapi.

Hapo ndipo Amri alipofanya jambo ambalo wakosoaji wake hawakulipa uzito unaostahili. Alizitoa sheria vinywani akazitia katika kitabu kinachoweza kutumwa kwa posta. Tukichukua shairi la kawaida la mistari minne, kila mstari una mizani 16, 8 upande wa ukwapi na 8 upande wa utao. Hesabu hiyo haiulizi kabila la mtunzi wala lahaja ya bibi yake. Nane ni nane Lamu na ni nane Ujiji. Mwanafunzi akijua kwamba mlango una mizani tatu, kwa sababu m yake inasimama peke yake, na kwamba nyumba ina mizani mbili tu, na nchi mbili vilevile, basi amekwisha kupewa siri ambayo zamani ingemgharimu ujana wake. (Twataja mifano hii kwa makusudi, maana hapo kwenye m na n ndipo wanafunzi wetu hujikwaa mpaka leo, na walimu hukosea pamoja nao.)

Kwa hiyo hatukubali kwamba sheria iliyoandikwa ni lazima iwe kufuli. Kanuni isiyoandikwa ndiyo humwacha mgeni nje milele, kwa sababu hana hata la kubishana nalo. Iliyoandikwa huweza kusomwa, kushikwa, kupingwa. Watazame waliokuja kumpinga Amri. Euphrase Kezilahabi, aliyetoa Kichomi mwaka 1974 na kuyaacha makusudi yale mavazi ya vina, alikuwa mtu wa Ukerewe. Mulokozi na Kahigi waliita diwani yao ya mwaka 1976 Malenga wa Bara, na jina hilo peke yake ni hoja. Watu wa bara walioingia katika nyumba ya ushairi wakaanza kubishania namna ilivyojengwa, waliingia katika nyumba ambayo mwenzao wa Ujiji alikuwa amekwisha kuifungua.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Amri mwenyewe alijua maana ya kuwa wachache. Alikuwa sheikh wa Ahmadiyya, jumuiya yenye wafuasi wachache ambayo masheikh wengi wa pwani waliipinga vikali. Alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na jumuiya hiyo mwaka 1953, kazi iliyozua ubishi mkubwa. Dar es Salaam aliyoiongoza kama Meya ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi za watu, wenye Uzungu­ni kwake, Uhindini kwake, na mitaa ya Waafrika kwake. Kwamba mtu wa bara, wa madhehebu ya wachache, aliweza kuwa Meya wa mji huo na pia kuwa mtoa sheria wa sanaa ambayo wenyewe wa pwani waliiona kuwa mali yao, ni jambo linalosema mengi kuhusu miaka ile kuliko hotuba nyingi.

Sasa tuje kwenye upungufu wake, ambao si mdogo.

Ndani ya kitabu cha Amri mna sheria mbili zisizopatana. Ya kwanza ni kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina haki ya kuitwa shairi. Ya pili ni kwamba shairi ni hesabu: vina vipatane, mizani zitoshe. Amri alidhani kwamba hizo ni sheria moja yenye nyuso mbili, kwa sababu katika mashairi ya pwani aliyoyapenda wimbo na hesabu vilikuwa vimefunga ndoa zamani. Lakini mtu akizichukua moja moja, ataona kwamba zinaelekea njia tofauti. Kama kipimo ni wimbo, basi mlango ni mpana sana. Waimbaji wa Kihaya wanaosimulia vita na watawala kwa sauti ya enanga wanaimba. Wagogo wanaoimba kwa sauti nyingi zinazopandana, na zeze na marimba vikiwafuata, wanaimba; na asiyeamini na asikilize kazi ya marehemu Hukwe Zawose. Wasukuma wanaolima kwa ngoma, na vikundi vyao vya Bagika na Bagalu vinavyoshindana, wanaimba. Wote hao, kwa sheria ya kwanza ya Amri, ni washairi. Kwa sheria ya pili hakuna hata mmoja wao anayepita.

Waliomfuata Amri walishika ya pili wakaiacha ya kwanza. Sababu si ngumu kuiona: hesabu ni rahisi kufundisha na ni rahisi zaidi kusahihisha. Mwalimu mwenye madaftari 80 mezani huweza kuhesabu vina, lakini hawezi kuyaimba yote. Basi kidogo kidogo kitabu kilichowafungulia watu wa bara kikawa kitabu cha kuwaambia kwamba nyimbo za mama zao si ushairi, bali ni ngoma, na mahali pake ni uwanjani siku ya sherehe. Hapo twaona hasara. Mtu wa bara alikaribishwa ndani kwa sharti la kuacha mzigo wake barazani.

Kwamba hasara hiyo haikuwa ya lazima, ushahidi tunao katika mwaka ule ule wa 1954. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkristo Mkatoliki, naye malenga wa vina na mizani asiyehitaji kufundishwa na mtu, alitoa mwaka huo kitabu cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Baadaye alitoa diwani yake, na tenzi za Enjili na Zaburi. Mtu huyu alibeba vyote viwili, mila za kwao na bahari za pwani, wala havikumwelemea. Laiti vitabu hivyo viwili vya 1954 vingesomwa pamoja mashuleni, kile cha sheria na kile cha mila, huenda ubishi wa miaka ya 1970 ungekuwa na sura nyingine. Lakini kimoja kiliwekwa katika rafu ya fasihi na kingine katika rafu ya makabila.

Amri mwenyewe alikuwa na nafasi ya kusahihisha jambo hili, lakini nafasi hiyo ilikuwa fupi. Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni tarehe 10 Desemba 1962, akisema kwamba utamaduni ni roho ya taifa lolote. Mwaka 1964 wizara aliyopewa Amri iliunganisha utamaduni na maendeleo ya jamii, yaani nyimbo zetu ziliwekwa nyumba moja na visima, madarasa ya watu wazima na vyoo. Sisi tuliopita katika utumishi wa serikali tunajua kwamba wizara huunganishwa na kutenganishwa kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na falsafa. Hata hivyo muungano huo ulikuwa na maana, nao ulidumu akilini mwa watu hata baada ya Amri kufariki mjini Bonn mwezi Oktoba mwaka huo: kwamba kazi ya sanaa ni kuwaita watu katika kampeni.

Tangu hapo kampeni hazikukosa vina. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze kwa wananchi, na Mnyampala, akiwa kiongozi wa UKUTA, akaja na ngonjera. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Zikafuata kampeni za kisomo, na ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwa redio na vikundi vya kujisomea iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2. Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka iliyofuata tulisimama mistari miwili mbele ya mgeni rasmi, mstari mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu, na tulijua kabla ya ubeti wa kwanza nani atashindwa.

Hilo ndilo kosa la ngonjera nyingi, wala halitokani na vina. Kwa asili yake ngonjera ni mabishano, na mabishano ya kishairi ni urithi mkubwa wa Waswahili: malenga humtupia mwenzake fumbo, mwenzake hulifumbua na kumrudishia jingine, na hakuna ajuaye mapema nani ataishiwa. Magazetini kujibizana huko kuliendelea wiki baada ya wiki. Ngonjera za kampeni zilichukua umbo hilo zikaling'oa meno. Mpinzani hupewa ujinga, hupewa na vina vilivyochakaa, ili msemaji wa serikali ang'are. Mwanakijiji akisikiliza hajioni humo, kwa sababu yeye si mjinga. Ana sababu zake, na hajasikia mtu akizitamka.

Mambo haya hayajapita. Mpaka leo, Mwenge wa Uhuru ukifika wilayani, au ikifika siku ya kupanda miti, mwalimu wa Kiswahili huambiwa atayarishe ngonjera kwa siku mbili. Tunamshauri jambo moja: ampe mpinzani ubeti wake ulio bora kuliko wote. Tuchukue kampeni ya vyoo, na tuseme mwenyeji wa kijiji chenye ardhi ya mchanga anamjibu Bwana Afya hivi:

Ardhi yetu ni mchanga, shimo halikai wima,
Tulichimba tukapanga, maji yakalisukuma,
Bwana Afya nakuunga, wito wako una wema,
Ila taja cha kujenga, kuta zipate simama.

Ubeti huu ni wetu na si kitu cha kujivunia, lakini mizani zimetimia, na Amri asingeukataa. Zaidi ya hayo, una swali la kweli, ambalo kuimba sifa za usafi hakulijibu. Mwanafunzi atakayepewa kazi ya kumjibu mwenyeji huyu hatapata la kusema akibaki darasani na kamusi yake. Itambidi kwanza aende kwa fundi akaulize kama shimo la mchanga hujengewa kwa tofali, kwa mawe au kwa fito zilizosukwa, na kila kimoja hudumu masika mangapi.