Shahidi Hana Rufaa: Kuomba Kuunganishwa kwenye Kesi ya Ardhi

Tuseme ndugu wawili wanashtakiana katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Same, wakigombea shamba la tangawizi kule Mamba. Kipande cha upande wa mfereji wazee walikugawia wewe zamani. Hukushtaki wala hukushtakiwa. Ukikaa kimya, siku ya kukaza hukumu dalali atashika shamba zima.

Wengi wetu huridhika kuitwa mashahidi, na hapo ndipo haki inapopotea. Shahidi hujibu maswali akaondoka. Hawezi kumhoji shahidi wa upande wa pili, wala kukata rufaa. Mwenye mali anatakiwa awe mdaawa.

Mlango ni Amri ya I, kanuni ya 10(2) ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33: mahakama inaweza kumwongeza mtu katika hatua yoyote ya shauri, kwa maombi au kwa hiari yake yenyewe. Mabaraza nayo huitumia pale kanuni zao za mwaka 2003 zisipojitosheleza. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Tang Gas Distributors (Na. 68 la 2011), ilifafanua kwamba mtu huongezwa hata mdai asipotaka, mathalani pale haki yake ya mali inapoguswa moja kwa moja.

Maneno hayo, "moja kwa moja", ndiyo uzito wa maombi yote. Kiapo kinachosema "mimi ni mwanaukoo na nina maslahi" hakitoshi. Andika ulipewa kipande kipi, lini, na nani, mbele ya nani. Taja masale ya mpakani na jirani wa kila upande. Ambatisha muhtasari wa kikao cha ukoo kama upo. Kisha eleza amri anayoiomba mdai itakunyang'anya nini. Aya hiyo ya mwisho husahaulika mno, nayo ndiyo hakimu au mwenyekiti anayoitafuta.

Wilaya yetu imeshaona gharama ya kubaki nje. Wafugaji walioondolewa Mkomazi mwaka 1988 walifika hadi Mahakama ya Rufani, iliyotoa hukumu mwaka 1999. Shauri lilihesabiwa kuwa la waliotajwa majina, si la jamii nzima. Walioondolewa pamoja nao bila majina yao kuwemo hawakuwa na cha kudai katika hukumu ile.

Ombi likikubaliwa, hati ya madai hurekebishwa na wewe huwasilisha majibu yako. Baada ya hukumu mambo hugeuka: asiyekuwa mdaawa hubaki na njia ya kuomba marejeo, ndani ya siku 60. Kwa hiyo ukisikia shamba lenu linatajwa barazani, nenda kwa karani wiki hiyo hiyo, uombe kuona jalada.