Dawa Hupungua Nguvu, au Mwitiko Hupungua?

Tafsiri ya maelezo ya dawa haina budi kupimwa kwa lile atakalolifahamu msomaji wake wa mwisho, naye mara nyingi ni mzee au ndugu amwuguzaye. Kwa kipimo hicho, twaiona ina kasoro tatu kauli kama hii: “Dawa za jamii ya adrenalini hupungua nguvu uzeeni.”

Kasoro ya kwanza imo katika kiima. Kwa Mswahili, dawa iliyopungua nguvu ni dawa iliyokaa mno hata ikaharibika. Aisomaye kauli hiyo huenda akaitupa, au akajiongezea vidonge. Hali dawa ni ile ile. Kilichopungua ni mwitiko wa mwili. Mwaka 1979, Vestal, Wood na Shand walionyesha kwamba wazee walihitaji isoprenalini nyingi kuliko vijana ili mapigo ya moyo yaongezeke kwa 25 kwa dakika.

Kasoro ya pili ni ukimya juu ya mahali penye badiliko. Wako wanaoiziba kwa kuandika “vipokezi hupungua”. Istilahi kipokezi twaikubali, lakini kauli hiyo yapotosha. Kipokezi hupokea ujumbe na kuupasha ndani ya seli, na sehemu kubwa ya udhaifu wa uzeeni imo katika kupasha. Idadi peke yake haitoshi kuueleza.

Kasoro ya tatu ni upana. Tangu mwaka 1948, Raymond Ahlquist alipovigawa vipokezi hivi kuwa alfa na beta, haifai kuvitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Upungufu uliothibitika zaidi ni wa beta. Prazosini, izuiayo alfa, yaweza kumshusha mzee shinikizo la damu ghafla asimamapo, kwa kuwa uwezo wa mwili wa kulirekebisha umezorota. Aliyeambiwa kwamba dawa za jamii hiyo zote hupungua nguvu hatajihadhari na kuanguka.

Kwa hiyo twapendekeza: “Uzeeni, mwitiko wa vipokezi beta hupungua.” Penye dawa ya alfa, mfasiri aandike onyo la kusimama polepole katika sentensi yake yenyewe. Walimu nao wawazoeze wanafunzi kuuliza kwanza, kabla ya kuteua kitenzi: ni nini hasa kilichopungua?