Mtindo wa Mavazi Chuoni: Uhakiki Kutoka Ombaci

Lugha yetu ina neno moja, mtindo, linalotumika kwa mshairi na kwa fundi cherehani. Twasema mtindo wa Shaaban Robert, na twasema mtindo wa gauni. Vivyo hivyo kitenzi kutunga: hutungwa shairi, na hutungwa shanga. Katika makala haya tunakusudia kulitwaa jambo hilo kwa uzito wake, na kuyahakiki mavazi ya vijana wa chuo kama tuhakikivyo utungo. Mfano wetu ni Ombaci, kando ya mji wa Arua katika West Nile nchini Uganda, ambako ipo St. Joseph's College, shule ya sekondari ya wavulana yenye asili katika kazi ya wamisionari wa Comboni.

Swali letu ni hili: je, mavazi ya kijana huyu yaweza kupimwa kwa mizani ya mila upande mmoja na usasa upande wa pili? Jibu letu ni kwamba hayawezi. Na tutaonyesha kwamba kosa hilo la usomaji limewaumiza watu.

Darasani kwetu mizani hiyo hutokana zaidi na Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 na kutolewa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa mwaka 1975. Aghalabu mwanafunzi huchora safu mbili: Lawino na mila huku, Ocol na Clementine na usasa kule. Safu hizo humsaidia katika mtihani, lakini humdhulumu mtunzi. Lawino hayachukii mavazi ya Wazungu kwa kuwa ni ya Wazungu. Humwachia kila mtu desturi za kwao. Anachokikataa ni dharau ya mume anayemwona mkewe kuwa mshamba. Tena Lawino ana jicho la mhakiki. Hutazama poda ilivyokaa juu ya ngozi, na nywele zilivyogeuzwa zisifanane na za mwenyewe, ndipo atoe hukumu yake.

Hata hivyo, Lawino naye ana upungufu ambao walimu hatuna budi kuutaja. Husema kana kwamba mapambo ya kwao yalikuwako tangu awali na hayana safari. Lakini shanga za kioo zilizoenea Afrika ya Mashariki zililetwa na biashara ya mbali. Wanawake walizipokea, wakazitunga kwa mpangilio wao, zikawa zao. Umilikaji wa pambo hautoki katika kuzaliwa nalo. Hutoka katika kulitunga.

Tukitoka kitabuni tukaingia sokoni Arua, ukweli huo waonekana wazi zaidi. Kitenge kinachouzwa pale hufika kwa wingi kwa njia ya Kongo, kupitia mji wa mpakani wa Ariwara. Ufundi wa kuchora kitambaa kwa nta ulitoka Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine zao na kuwauzia Waafrika wa Magharibi. Mwishowe kitambaa kikaenea hata Kongo na kwetu. Leo mtu akivaa kitenge husifiwa kwamba amevaa Kiafrika, na sifa hiyo ni ya haki. Hali kadhalika gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, lahusishwa na fundi Mgoa aitwaye Gomes na shule ya wasichana ya Gayaza iliyofunguliwa mwaka 1905. Yaani nguo iliyoanzia shuleni kwa mkono wa mgeni sasa ndiyo vazi la arusi na la mazishi. Yatupasa kujiuliza: katika safu zile mbili za ubaoni, gomesi tuiandike wapi?

West Nile ina sababu yake zaidi ya kuchanganya. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, wakazi wengi walikimbilia Zaire na Sudan, wakaanza kurudi kwa wingi katikati ya miaka ya 1980. Miaka ya ukimbizi iliwafungamanisha na masoko ya ng'ambo ya mpaka, na biashara hiyo haikufa waliporejea. Ongeza Wanubi wenye kanzu zao na nguo zao za kujitanda, ongeza mitumba iliyofika kwa marobota, utaona kwamba kijana wa Arua hurithi kabati lenye lugha nyingi, kama ulivyo mji wenyewe wenye Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili.

Sasa tumtazame mwanafunzi. Shule ya bweni ya wavulana humvika sare, na sare, kwa mintarafu ya uhakiki, ni kama bahari ya shairi: idadi ya mizani imekwisha wekwa, mtunzi hana ruhusa ya kuizidisha. Lakini nani asiyejua kwamba ndani ya bahari moja washairi wawili hawafanani? Mmoja huinua kola, mwingine huilaza. Mmoja hukunja mikono ya shati mara mbili na kuipiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo usimame wenyewe. Mwingine humpelekea fundi suruali aipunguze miguuni, akitumaini kwamba mwalimu wa zamu hataona. Mkanda, soksi, namna ya kukata nywele: hivyo ndivyo vina vyake. Akimaliza masomo akaingia Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013 karibu na mji huo huo, au akaenda Makerere, sare huvuliwa. Hapo hukabiliwa na uhuru unaofanana na wa shairi lisilo na vina, na si kila mtu auwezaye.

Maana hatusemi kwamba kila kivaliwacho ni kizuri. Uhakiki usiohukumu ni kusifia tu. Wako vijana wanaonakili picha ya mwimbaji wa Marekani kuanzia kofia hadi viatu, bila kuongeza lao hata moja; huo ni unukuzi. Wako wanaotumia karo kununulia viatu ili wasichekwe, na hapo lawama si yao peke yao, bali pia ya wenzao wanaocheka. Wahenga walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Ila yule anayechukua koti la mtumba lililokuwa la mzee wa Ulaya, akamwomba fundi alipunguze mabega na kulitia mfuko wa kitenge, huyo hakuazima. Ametunga. Vigezo vyetu viwe vile vile vya utungo: je, sehemu zapatana? Je, vazi laafiki mahali na wakati? Je, lina neno la mvaaji mwenyewe?

Wenye mamlaka hawakuuliza maswali hayo. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa vita Tanzania kwa jina la utamaduni wa taifa. Mwaka 1972 Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, alipiga marufuku sketi fupi Uganda. Mwaka 1974 zikafuata mawigi na suruali za wanawake. Katika Zaire ya miaka ya 1970 Mobutu aliondoa suti na tai, akaleta abakosti, ambayo nayo ni koti la kushonwa kwa cherehani. Tabia hiyo haikukoma na zama hizo. Mwezi Februari 2014 Uganda ilipata sheria dhidi ya ponografia, ambayo watu wengi waliielewa kuwa sheria ya sketi fupi. Wanawake wakashambuliwa barabarani na kuvuliwa nguo, na wenzao wakaandamana Kampala kupinga. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilitangua vifungu vyake muhimu.

Twaona jambo moja katika mifano yote hiyo. Mizani ya mila na usasa ilipotoka darasani ikaingia mtaani, mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Mvulana aliyevaa suti hakuulizwa sana juu ya mila. Dada yake mwenye sketi aliulizwa kwa mikono ya watu. Mtu aliyesoma vazi vibaya alijiona anatetea utamaduni, kumbe alikuwa ameshindwa kusoma.

Na Ombaci yafahamu gharama ya kuhukumiwa kwa alama ya nje. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali ya wakati huo waliwashambulia watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni na shule hiyo, wakaua wengi. Hatulinganishi mauaji na kanuni za mavazi. Hilo lingekuwa utovu wa adabu kwa marehemu. Twasema tu kwamba watu wa West Nile walihesabiwa kuwa maadui kwa sababu ya mahali walipotoka, bila kuulizwa wao ni nani. Shule iliyojengwa juu ya kumbukumbu kama hiyo ina haki ya kudai kwamba mtu atazamwe kwa makini kabla ya kuhukumiwa.

Kwa hiyo, ndugu walimu, twapendekeza zoezi jepesi. Mnapofundisha Wimbo wa Lawino, mwache kila mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili sanifu vazi moja analolifahamu: kitambaa kimetoka wapi, nani amelishona, limebadilishwa nini, lavaliwa lini. Atahitaji msamiati wa pindo, kola, mshono, bitana na kishikizo, ambao vitabu vyetu huupita haraka. Akishaeleza, ndipo atoe hukumu, nayo iwe na sababu. Atakayefanya hivyo atakuwa amejifunza lugha na uhakiki kwa pamoja. Na akikutana barabarani na binti aliyevaa asivyopenda yeye, atajua kwamba yapo mengi ya kusoma kabla ya kufungua kinywa.